Mito ya Tanga na sayansi ya kuilinda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kwenye mikutano ya vijiji vya bonde la Mto Zigi, mashuleni, na kwa watu wa mjini Tanga ambao siku ya mvua kubwa hufungua bomba wakakuta maji yamebadilika rangi. Ya msingi yametangulia, yenye utata yako mwisho. Si lazima usome yote. Pale jibu moja linapotegemea jingine, namba imetajwa.

## Ya msingi

1. Sayansi ya nini? Si watu wakatazwe tu kulima na kukata miti karibu na mto?

Makatazo yapo miaka mingi na mto bado unachafuka. Kukataza nako kunataka ujue unakataza nini, na wapi. Vijito viwili vinaweza kuwa na rangi ileile ya chai ya maziwa, kumbe tope la kimoja linatoka kwenye mashamba ya mteremkoni na la kingine linatoka kwenye barabara ya vumbi isiyo na mifereji. Ukiwaondoa wakulima kando ya kijito cha pili umewaonea bure, na maji yatabaki vilevile.

Msimamo wetu ni huo tangu mwanzo hadi mwisho wa ukurasa huu: pima kwanza, halafu ndipo upande, uchimbe au umfukuze mtu.

2. Maji ya bomba ya Tanga mjini yanatoka wapi hasa?

Mto Zigi. Unaanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, pande za Amani, ambako mvua hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Mto Kihuhwi unaingia humo. Maji yanakusanywa kwenye bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, kisha yanapelekwa kwenye mtambo wa kusafisha wa Mowe na kusambazwa mjini. Yasiyochukuliwa yanaendelea hadi baharini, kaskazini ya jiji.

Kwa hiyo mkulima wa iliki wa Amani na mama ntilie wa Ngamiani wanatumia maji mamoja, ila mmoja ndiye anayeanza.

3. Na Mto Pangani?

Huo ni mto mwingine, mkubwa zaidi: takriban kilomita 500, kutoka Kilimanjaro na Meru, kupitia bwawa la Nyumba ya Mungu, hadi mjini Pangani. Kwenye maporomoko yake, Hale na Pangani, kuna mitambo ya umeme. Zigi, Umba, Msangazi na Pangani yote iko chini ya ofisi moja, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991 na yenye makao makuu Moshi. Ukihitaji kibali cha kutumia maji, hao ndio wenyewe. Matatizo ya Pangani si ya Zigi. Tazama swali la 17.

4. Kwa nini mnaongea tope, tope, tope? Udongo ni udongo tu.

Tope linaharibu mambo kwa mpigo. Linalijaza bwawa, na kila ndoo ya udongo iliyolala chini ni ndoo ya maji ambayo mji hautaipata kiangazi. Linafunika mawe ambako wadudu wa majini wanaishi na samaki wanataga. Linabeba mbolea, dawa za mashambani na vijidudu vilivyogandamana na punje zake.

Halafu kuna gharama ya kusafisha. Ili tope litulie huwekwa dawa ya kugandisha, aina ya shabu ile waliyotumia bibi zetu kwenye mitungi. Maji yakiwa mazito zaidi, dawa inahitajika nyingi zaidi. Klorini nayo haifanyi kazi vizuri ndani ya tope: inaliwa na uchafu kabla haijawafikia vijidudu, na vijidudu vingine vinajificha nyuma ya punje. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri ukungu wa maji ushuke chini ya NTU 1 (NTU ni kizio cha kupimia ukungu huo) kabla ya kutia klorini, kila inapowezekana.

Chanzo cha yote ni mvua isiyopata pa kukaa. Kwenye msitu au shamba lenye matandazo, maji yanazama ardhini na kutoka polepole kwenye chemchemi hadi Januari na Februari. Kwenye ardhi tupu mvua inakuwa kama wasemavyo watu wa Tanga: waja leo waondoka leo. Inaingia mtoni siku hiyohiyo na udongo mkononi.

5. Maji yakiwa meupe, si basi ni salama?

Hapana. Vimelea vya kipindupindu havionekani, wala chumvi ya mbolea, wala zebaki. Kichocho ndicho kinachowadanganya watu zaidi, maana konokono wake wanapenda maji yaliyotulia na kuota majani, ambayo mara nyingi ni meupe kabisa. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi kemikali.

## Kupima

6. Tunawezaje kupima tope bila maabara?

Kwa bomba la plastiki angavu la urefu wa mita moja hivi, lililozibwa chini, lenye duara la rangi nyeusi na nyeupe ndani ya kitako. Mimina maji ya mto polepole huku ukichungulia kutoka juu. Duara likipotea machoni, simama na usome urefu wa maji. Maji ya msituni yanaweza kujaa bomba zima na duara bado unaliona. Baada ya mvua, chini ya mashamba, linapotea kabla maji hayajazidi upana wa kiganja.

Fanyia kivulini, vua miwani ya jua, na msomaji awe mmoja kila mara. Macho ya watu yanatofautiana kuliko wanavyokubali.

7. Na wingi wa maji unapimwaje?

Kwa limau. Tafuta mahali mto umenyooka, weka alama mbili zilizoachana mita 10, tupa limau juu kidogo ya alama ya kwanza na hesabu sekunde. Limau linafaa kuliko kijiti kwa sababu linazama nusu na halisukumwi na upepo. Rudia, chukua wastani. Kisha pima upana, na kina sehemu kadhaa kukatisha mto.

Mfano: upana mita 6, kina cha wastani mita 0.4, limau limetumia sekunde 20. Mwendo wa juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwani maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, upate 0.425. Ukizidisha na upana na kina unapata takriban mita za ujazo 1.02, yaani lita 1,020 kila sekunde. Si sahihi kama vifaa vya ofisi ya bonde, lakini kijiji chenye rekodi ya limau ya miaka mitatu kinajua mto wake kuliko kijiji kisicho na chochote.

Usiingie mto uliojaa kwa ajili ya kipimo. Hakuna takwimu yenye thamani hiyo.

8. Wadudu wanaelezaje hali ya mto?

Kipimo cha kemikali kinakwambia hali ya maji kwa dakika ile uliyochota. Mdudu aliyeishi humo miezi kadhaa anakwambia yaliyopita, hata uchafu uliomwagwa usiku wa manane wiki mbili zilizopita.

Simama pale maji yanaporuka mawe. Tega wavu mdogo upande wa chini, kisha chokonoa mawe kwa mguu kama dakika mbili. Mwaga vilivyonaswa kwenye sinia jeupe lenye maji. Mwanzoni utaona majani na mchanga tu, na watoto wataanza kuchoka. Subiri maji yatulie. Vitu vinaanza kutembea: mabuu bapa wenye mikia miwili au mitatu, wengine wamejijengea kinyumba cha punje za mchanga na kukiburuta, mabuu wa kereng'ende, kaa wadogo wa mtoni.

Wenye mikia na wajenzi wengi wao hawavumilii maji yaliyopungukiwa oksijeni. Ukiwapata wa aina nyingi, mto uko vizuri. Sinia likijaa minyoo myekundu, ruba na konokono peke yao, kuna kitu juu huko. Tanzania ina mfumo wake wa kuupa mto alama kwa njia hii, TARISS, uliotokana na mfumo wa Afrika Kusini wa SASS. Kila kundi la wadudu lina alama yake na unagawa jumla kwa idadi ya makundi. Kwa maoni yetu hiki ndicho kipimo bora kwa shule, kwa sababu mwanafunzi aliyemwona mdudu hahitaji kuhubiriwa.

9. Tupime mara ngapi?

Mara moja kwa mwezi ni mazoea mazuri, ila yana mtego. Sehemu kubwa ya tope la mwaka mzima hupita katika siku chache za mvua kubwa, masika na vuli. Anayepima kila tarehe 15, jua likiwaka, anaweza kupata mwaka mzima wa majibu mazuri huku bwawa linajaa. Panga mtu anayeishi karibu na mto, mwenye chupa tayari, achote wakati maji yanapanda, akiwa salama ukingoni au darajani.

10. Siku hizi kuna setilaiti. Kwa nini tuhangaike na chupa?

Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5, picha zake ni za bure na zinaonyesha kipande cha ardhi cha mita 10. Zinaonyesha vizuri msitu ulipofyekwa, na rangi ya bwawa la Mabayani. Lakini vijito vya Amani ni vyembamba kuliko mita hizo 10 na vimefunikwa na miti, na juu ya Usambara mawingu hayaishi. Tumia setilaiti kujua pa kwenda, halafu nenda.

## Kurekebisha

11. Tupande miti gani kando ya mto?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na tungependa liulizwe la tano au la sita. Kama tope linatoka barabarani, miti 1,000 haitalizuia; mfereji na shimo la kutuliza maji vitalizuia. Kama linatoka shambani, anza na shamba: makinga maji yanayofuata kontua (mistari ya mteremko iliyo kwenye kimo kimoja), matuta ya fanya juu (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu), matandazo, na mistari ya majani ya Guatemala, vetiva au mabingobingo. Majani yanashika udongo upesi kuliko mti, kwa kuwa mizizi yake ni mingi na iko karibu karibu. Ng'ombe wa maziwa wa zizini wanakula mabingobingo na Guatemala, na hapo ndipo mkulima anapokuelewa. Asichopata faida nacho ataking'oa ukishaondoka na gari lako.

Ukingoni penyewe, mkuyu na mianzi vinafaa. Mikaratusi iwekwe mbali na chemchemi, inakunywa sana. Na ndani ya Usambara Mashariki kuweni waangalifu na msizi, mti ulioletwa ukajisambaza msituni Amani kwa kasi mno. Si kila kijani ni msitu.

12. Shamba la babu yangu liko mita 10 kutoka mtoni. Nitafukuzwa?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira yake. Hilo halina mjadala, na ukurasa huu hauwezi kukupa ruhusa. Nenda serikali ya kijiji na jumuiya ya watumia maji, ukauelewe mpaka wako kabla hujaletewa.

Sayansi inaongeza jambo moja. Katika mita hizo, zinazofanya kazi kubwa ni zile za mwanzo zinazogusa maji: ukanda mzito wa majani hunasa sehemu kubwa ya udongo kabla haujaingia. Kwa hiyo urejeshaji uanze majini kuelekea juu, wala isiwe kupanda miche juu karibu na bango la mradi ambako wageni wataiona.

13. Nani anamlipa mkulima wa milimani kwa kazi inayowanufaisha watu wa mjini?

Swali la haki, na jibu bado halijatosha. Wakulima wa Amani na Muheza wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, unaohifadhi mazingira ya Kihuhwi na Zigi, na mamlaka ya maji ya Tanga imekuwa ikishirikiana nao. Mwezi Februari 2024 mamlaka hiyo, Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya kijani (mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa kazi zinazolinda mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa ajili ya miundombinu ya maji. Hesabu yenyewe haina siri: kuzuia tope lisiingie ni rahisi kuliko kulitoa bwawani. Kinachogomba ni kuigeuza hesabu hiyo iwe fedha inayofika kijijini kila mwaka, mradi ukiwepo au usiwepo. Kulipa kwa semina na fulana hakutoshi.

## Mkonge, dhahabu na mchanga

14. Maji ya mkonge yana ubaya gani? Ni majani tu.

Mkonge umekuwa Tanga tangu mwaka 1893, ulipopandwa kwanza Kikogwe, Pangani, kutokana na miche michache iliyotoka Florida. Nyuzi ni asilimia 2 hadi 4 tu ya uzito wa jani. Kinachobaki ni majimaji na makapi yanayotoka kwenye korona (kwa mgeni: hapa korona ni mashine ya kuchakata mkonge, na ililitangulia lile gonjwa kwa miaka mingi). Majimaji hayo yana uchachu na sukari nyingi.

Yakiingia mtoni, bakteria wanayashambulia, na kwa kazi hiyo wanatumia oksijeni. Maji ya nyuzi joto 25 hubeba miligramu 8 na kidogo tu za oksijeni kwa lita hata yakiwa safi. Yakishuka chini ya 4 au 5 samaki wanataabika. Chini ya 2 wengi wanakufa. Hakuna aliyewapa sumu, wamekosa pumzi.

Dawa yake inajulikana: mabwawa ya kutulizia maji kabla ya kuyaachia, au mtambo wa biogesi. Hale ulijengwa mtambo unaozalisha umeme kwa mabaki ya mkonge miaka ya 2000, kwa hiyo hatuongei ndoto.

15. Wachimbaji wa dhahabu je?

Miaka ya 2003 na 2004 watu waliingia kwa wingi kusaka dhahabu pande za Sakale, Amani, ndani ya vyanzo vya Zigi. Tatizo la kwanza ni kingo zilizofukuliwa (swali la 4). La pili ni zebaki. Ikilala kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa aina inayopanda kutoka mdudu hadi samaki hadi mlaji, ikiongezeka kila hatua. Kumpika samaki hakuiondoi. Mwathirika mkubwa ni mtoto aliye tumboni.

Anayechimba kihalali asioshee mtoni, na atumie kifaa cha kunasia mvuke wa zebaki. Kuichoma kwenye kikaango wazi, tena uani watoto wakicheza, ni kujiua taratibu.

16. Mchanga tunaochimba mto huuleta tena, sasa kosa liko wapi?

Huuleta kwa kasi yake, si kwa kasi ya malori. Ukichota kuliko unavyoletwa, kitanda cha mto kinashuka, kingo zinaporomoka, nguzo za daraja zinabaki wazi na visima vya jirani vinakauka. Na mchanga huohuo ndio unaolisha fukwe.

## Mto unapokutana na bahari

17. Kwa nini maji ya mto karibu na Pangani mjini yana chumvi?

Bahari na mto vinasukumana kila siku. Mto ukipungua, kwa sababu ya mabwawa, mifereji ya umwagiliaji na kiangazi huko juu, bahari inapanda ndani zaidi. Maji ya chumvi ni mazito, hupita chini, kwa hiyo unaweza kuchota matamu juu na kumbe pampu yako inavuta chumvi. Pima kwa kifaa cha upitishaji umeme, ukikishusha hadi chini: maji matamu huwa katika mamia ya mikrosimensi kwa sentimita (kizio cha upitishaji huo), bahari ni takriban 50,000.

Ndiyo sababu wataalamu wanasisitiza mto uachiwe maji yake wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua akiba hiyo, kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa viumbe, kabla ya vibali vingine.

18. Tumepanda mikoko, yote imekufa. Kwa nini?

Mara nyingi ni mche usio wake mahali pasipo pake. Mlilana unavumilia kusimama mbele, mkabala na bahari. Mkoko unataka tope la kati. Mchu unavumilia hata nyuma kwenye chumvi kali. Angalia kwanza kama maji ya bamvua yanafika na kutoka. Yakizibwa na barabara au tuta la chumvi, fungua njia ya maji, na mara nyingi mikoko itaota yenyewe.

## Yenye utata

19. Tutajuaje kwamba kazi yetu imefaulu, na si mwaka wa mvua nzuri tu?

Chagua vijito viwili vinavyofanana. Fanya kazi kwenye kimoja, kingine kiache. Pima vyote kabla ya kuanza, angalau masika moja na vuli moja, na uendelee baadaye. Vikibadilika sawasawa, ni mvua. Kikibadilika kimoja, ni nyinyi. Wafadhili hawapendi kulipia kijito kisichofanyiwa kitu, lakini bila hicho ripoti ni hadithi.

Mjiandae pia kwa ucheleweshaji. Udongo uliokwisha lala kitandani mwa mto utaendelea kusombwa miaka kadhaa baada ya mashamba kutengenezwa. Wadudu (swali la 8) nao wanaweza kuchelewa kurudi.

20. Ni kweli mnaweza kujua samaki waliomo kwa kuchota maji tu?

Ndiyo. Kila kiumbe huacha chembe za ngozi na ute majini, zenye vinasaba vyake. Maji huchujwa, chujio likapelekwa maabara. Kipimo kinasema nani yupo, hakisemi wangapi, na chembe zinaweza kuwa zimesombwa kutoka mbali. Ni ghali kwa kijiji. Kwa kumtafuta samaki adimu kama perege wa Pangani kinaweza kufaa.

21. Tumekuta samaki wengi wamekufa. Tufanye nini?

Msiwale wala kuwauza, na mzuie watu na mifugo kunywa. Chotea chupa mbili safi, moja juu ya mahali walipoanza kuonekana na moja chini, ziandike saa na mahali, ziweke kwenye barafu. Chukua samaki wachache waliokufa karibuni kwenye mfuko safi, nao barafuni. Piga picha. Harufu ya uchachu na povu ni dalili ya maji ya kiwandani (swali la 14). Samaki waliokufa kipande kimoja tu cha mto, pamoja na majani yaliyopondwa ukingoni, mara nyingi ni utupa, mmea wa sumu ya samaki, uliotumiwa na wavuvi.

Mjulishe mwenyekiti wa kijiji, bwana afya, ofisi ya bonde na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira siku hiyohiyo. Sampuli za vijidudu zifike maabara ndani ya saa 24, na mapema zaidi ni bora. Ikiwa ni usiku na gari hakuna, muulizeni mwenye jokofu la soda dukani, ila chupa zifungwe kwenye mifuko miwili na ziandikwe kwa maandishi makubwa kwamba si za kunywa.